Waliosimama Mlangoni

Askari wa trafiki wa Philadelphia, mashariki mwa Marekani, walikuwa na siku moja waliyoichukia kuliko nyingine zote za mwaka, nayo haikuwa siku ya maandamano wala ya uchaguzi. Ilikuwa Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Sikukuu yenyewe huwa Alhamisi, mwishoni mwa Novemba, na siku hiyo Wamarekani hukusanyika majumbani na jamaa zao, bata mzinga akiwa mezani. Kesho yake shule hazifunguliwi, ofisi nyingi zimefungwa, na Krismasi imebaki mwezi mmoja. Basi katika miaka ya 1950 familia za vitongoji vyote vya jirani zilipanda magari na treni zikaelekea katikati ya mji, Mtaa wa Market na mitaa ya kando yake, kwenye maduka makubwa ya ghorofa: Wanamaker's, Gimbels, Strawbridge & Clothier, Lit Brothers.

Philadelphia ilikuwa na mzigo mwingine juu ya huo. Jumamosi ya wiki hiyohiyo mji ulipokea mechi kubwa ya mpira wa Kimarekani baina ya vyuo viwili vya kijeshi, cha Jeshi la Nchi Kavu na cha Jeshi la Majini, katika uwanja uliochukua watu wapatao 100,000. Mashabiki walianza kuwasili Ijumaa, wakakutana njiani na wanunuzi. Mabasi yalikwama, watu walifurika kutoka kwenye vijia hadi barabarani, na wezi wa madukani walipata mavuno. Askari hakupewa ruhusa siku hiyo, na zamu zilirefushwa zikawa za saa 12 kila moja. Joseph Barrett, mwandishi wa habari za polisi wa gazeti la Bulletin la mji huo, alisimulia mwaka 1994 kwamba jina la Ijumaa Nyeusi aliliokota kwa askari hao wa trafiki, na kwamba yeye na mwenzake waliliingiza gazetini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Madereva wa mabasi nao walilitumia. Jina lenyewe Wamarekani walikuwa wamelisikia tangu Septemba 24, 1869, siku ambayo njama ya Jay Gould na James Fisk ya kuhodhi dhahabu ilivunjika na watu wengi wakafilisika. Aliyeita siku fulani Ijumaa Nyeusi alimaanisha balaa.

Nimeanza na askari kwa sababu historia ya siku hii husimuliwa zaidi kutoka upande wa kaunta: kiasi gani kimeuzwa, na kwa faida gani. Ninavyoiona mimi, sehemu yake iliyo muhimu zaidi iko mlangoni na barabarani, kwa watu waliolipwa kusimama mbele ya umati wakati wengine wakinunua. Tena umati ule haukujaa wenyewe kama maji ya bamvua. Kuna watu walioujaza, hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya heri. Mwaka 1876 John Wanamaker alifungua duka kubwa Philadelphia katika jengo lililokuwa bohari ya mizigo ya reli. Bei ilibandikwa kwenye kila bidhaa, tajiri na maskini wakalipa sawa, na asiyeridhika alirudishiwa fedha zake. Hakuwa wa kwanza duniani kuuza hivyo, lakini alikuwa miongoni mwa waliolifanya jambo hilo kuwa desturi ya Marekani. Msomaji aliyezoea kupatana bei sokoni ataona mara moja kilichobadilika. Kwenye kupatana, kila mteja hupata punguzo lake peke yake, siku aliyokuja, kwa ulimi wake. Bei ikishakuwa moja kwa wote, punguzo nalo sharti liwe la wote, na liwe na siku yake. Haki ile ya bei moja, ambayo naiheshimu, ndiyo iliyozaa siku ya punguzo, na siku ya punguzo ikazaa msongamano.

Lakini haikuzaa msongamano papo hapo. Mwaka 1878 Wanamaker alianza kuuza shuka, taulo na nguo nyingine nyeupe kwa bei ya chini mwezi Januari. Alichagua Januari kwa sababu Krismasi imepita, watu wameishiwa, na duka limepoa. Punguzo liliwaita wateja siku ambazo nafasi ipo. Kwa miongo mingi hivyo ndivyo wenye maduka wengi walivyolitumia, na karani wa kaunta alinufaika pia, maana kazi ilitawanyika katika miezi.

Msimu wa Krismasi haukuhitaji punguzo. Wenye maduka waliuvutia kwa tamasha. Gimbels walianza gwaride lao la Sikukuu ya Shukrani Philadelphia mwaka 1920, Macy's wakafuata New York mwaka 1924, na gwaride la Macy's lilimalizikia dukani kwao, Baba Krismasi akiwa nyuma ya msafara. Maana yake kila mtoto aliielewa: kuanzia kesho, ni kununua. Wanamaker's walikuwa tayari na jengo jipya la ghorofa 12, lililozinduliwa na Rais Taft mwaka 1911, lenye ukumbi mkubwa katikati, kinanda kikubwa ajabu cha mabomba, na sanamu ya shaba ya tai ambapo wenyeji wa mji waliahidiana kukutana. Tangu 1956 maonyesho ya taa za Krismasi yaliwafanya watu wasimame bega kwa bega ukumbini, watoto wakiwa mabegani kwa baba zao. Haya lazima yasemwe, kwa sababu watu waliupenda umati ule. Kero na furaha vilikuwa mahali pamoja, na mara nyingi ndani ya mtu mmoja.

Kalenda yenyewe iliingizwa katika biashara hiyo. Tangu Abraham Lincoln mwaka 1863, Sikukuu ya Shukrani ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Alhamisi hiyo iliangukia tarehe 30, na wenye maduka, wakiwemo wale walioongozwa na Fred Lazarus, waliona msimu wao wa mauzo umefupishwa. Rais Franklin Roosevelt akaisogeza sikukuu wiki moja nyuma. Nchi ikagawanyika: majimbo 23 yalimfuata, 22 yakabaki na tarehe ya zamani, na matatu yakasherehekea mara mbili. Mambo yalitulia Desemba 1941, sheria iliposema ni Alhamisi ya nne. Naliona tukio hili kuwa kubwa kuliko linavyopewa uzito. Sikukuu ya kumshukuru Mungu na kula na jamaa ilipimwa hadharani kwa siku za kuuza zilizobaki baada yake, na kipimo hicho kikashinda.

Kufikia 1951, jarida moja la wasimamizi wa viwanda lilikuwa likizungumzia Ijumaa ile kama ugonjwa wa mlipuko, kwa kuwa wafanyakazi wengi mno walipiga simu kusema wanaumwa. Lilishauri viwanda viwape tu siku hiyo iwe mapumziko ya malipo. Ndivyo ilivyokuja kuwa kwa waajiri wengi, na kila kiwanda kilichofunga milango yake kiliongeza watu kwenye Mtaa wa Market.

Wenye maduka wa Philadelphia walipoona jina la askari limeingia magazetini, walikasirika. Nani atakwenda kununua siku iitwayo nyeusi? Mwaka 1961 Abe Rosen, mtu wa mahusiano wa serikali ya mji, alipendekeza siku mbili zile ziitwe Ijumaa Kubwa na Jumamosi Kubwa. Watu hawakumsikiliza. Mwaka 1975 magazeti ya nje ya mji bado yalilieleza jina hilo kama msemo wa polisi na madereva wa Philadelphia. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maelezo mapya yakaanza kuchapishwa: kwamba mwenye duka huandika hasara kwa wino mwekundu mwaka mzima, na Ijumaa hii ndipo daftari lake linapogeuka jeusi kwa faida. Maelezo haya yalienea nchi nzima, na hadi leo ndiyo wengi wanayoyajua. Malalamiko ya askari aliyesimama kwa saa 12 kwenye baridi yalifutwa bila mtu kubishana naye.

Hadi hapo, kero ilikuwa ya miguu kuuma, magari kukwama na watoto kupotea. Mwaka 1983 iligeuka kuwa kitu kingine. Kampuni ya Coleco ilitoa wanasesere walioitwa Cabbage Patch Kids, kila mmoja na sura na jina lake, na karatasi za kumwasili kama mtoto. Kila mzazi Marekani alimtaka mmoja, na viwanda havikuweza kutosheleza. Katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, watu wapatao 1,000 walisubiri nje ya duka mwishoni mwa Novemba. Milango ilipofunguliwa walivamia, mwanamke mmoja akavunjika mguu, na meneja akasimama nyuma ya kaunta na rungu la besiboli mkononi. Mwaka 1996 mwanasesere mwingine, Elmo anayecheka akitekenywa, alimfanya mfanyakazi wa duka huko Fredericton, Kanada, akanyagwe na umati uliomwona amepokea boksi.

Uhaba wa 1983 haukukusudiwa. Uliofuata ulikusudiwa. Wenye maduka walielewa kwamba bidhaa chache za bei ya kutupa, zikitangazwa kwa saa maalumu, zitaleta watu maelfu mlangoni, na kwamba wengi wao, wakizikosa, watanunua kitu kingine kwa kuwa wameshafika. Matangazo ya gazeti yalisema kwa maandishi madogo kwamba idadi ni ndogo. Punguzo, ambalo zamani liliwaita watu Januari dukani kukiwa tupu, sasa liliwekwa juu ya siku ambayo tayari ilikuwa imejaa, na saa ya kufungua ikavutwa kutoka asubuhi hadi alfajiri.

Hivyo tunafika Valley Stream, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York, Ijumaa ya Novemba 28, 2008. Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka Septemba. Watu walikuwa wakipoteza kazi na nyumba, na punguzo halikuwa mchezo kwao. Kwa mzazi wa kipato cha chini, ile ilikuwa nafasi ya kununua Krismasi nzima. Duka la Walmart lilitangaza runinga ya inchi 50 kwa dola 798, mashine ya kufyonza vumbi kwa dola 28, na suruali za jinzi kwa dola 8. Mlango ungefunguliwa saa 11 alfajiri. Watu walianza kupanga foleni usiku uliotangulia, na kufikia alfajiri walikuwa wapatao 2,000.

Ndani ya mlango, wafanyakazi walipangwa wauzuie umati kwa miili yao. Mmoja wao alikuwa mtu wa miaka 34, mwenye asili ya Haiti, kibarua wa msimu aliyeletwa na wakala wa ajira kwa kazi za usafi na matengenezo. Hakuwa amefundishwa kulinda mlango. Aliwekwa mbele kwa sababu ya umbo lake: urefu wa karibu mita mbili, uzito wa zaidi ya kilo 120. Karibu na saa 11 milango ya kioo ilianza kupinda kwa kusukumwa, kisha ikang'oka. Alianguka, na umati ukapita juu yake. Wenzake waliojaribu kumfikia waliangushwa pia, na miongoni mwa walioumia alikuwamo mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Muda mfupi baada ya saa 12 alitangazwa amefariki. Uchunguzi wa daktari ulionyesha kwamba alikufa kwa kukosa hewa. Wanunuzi walipoambiwa kwamba duka linafungwa kwa sababu mtu amekufa, baadhi yao walilalamika kuwa wamepanga foleni usiku kucha.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyozunguka dunia. Magazeti yaliandika juu ya uroho wa Wamarekani, na wasomaji wa kila nchi wakatikisa vichwa. Naona hukumu hiyo ilikuwa nyepesi mno. Mhandisi John Fruin, aliyechunguza maafa ya umati kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1993 kwamba watu wakifikia takriban saba katika kila mita moja ya mraba, umati huacha kuwa watu wanaotembea ukawa kitu kinachotiririka. Mtu hachagui tena aende wapi. Mawimbi ya msukumo hupita miilini, na watu wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kuwa kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Aliye nyuma, mita 50 kutoka mlangoni, haoni kilicho mbele. Anachojua ni kwamba safu imesogea hatua moja, naye anasogea. Aliye mbele hawezi kusimama hata akitaka. Kati ya wale 2,000 huenda wachache walikuwa na nia mbaya, lakini kifo kile hakikuhitaji nia mbaya. Kilihitaji bidhaa chache, saa moja maalumu, mlango mmoja, na kutokuwepo kwa mtu aliyefikiria mapema watu hao watasimamaje.

Tena yote haya yalijulikana. Desemba 1979, katika ukumbi wa Riverfront Coliseum mjini Cincinnati, vijana 11 walikufa wakisubiri kuingia kwenye tamasha la bendi ya The Who, kwa mtindo uleule wa umati mkubwa na milango michache. Wataalamu wa kusimamia umati walikuwa na vitabu na vipimo. Hakuna aliyewaita dukani.

Baada ya Valley Stream waliitwa. Mwendesha mashtaka wa kaunti ya Nassau alifikia makubaliano na Walmart mwaka 2009: kampuni haikushtakiwa kwa jinai, na kwa upande wake iliweka dola 400,000 za kuwafidia walioumia, ikatoa dola milioni 1.5 kwa jamii ya eneo hilo, na ikakubali mpango wa kusimamia umati katika maduka yake yote 92 ya jimbo la New York. Wakala wa serikali kuu unaosimamia usalama kazini, OSHA, ulitoa mwongozo kwa wenye maduka. Yaliyomo ni mambo ambayo fundi yeyote wa ukumbi wa harusi angeyafahamu: weka vizuizi kabla watu hawajafika, na visianzie mlangoni penyewe, toa tiketi kwa bidhaa zilizo chache, ili asiye na tiketi ajue mapema, usizuie mlango wa dharura, weka wafanyakazi waliofundishwa. Walmart nao walianza kuacha maduka yao mengi wazi usiku kucha, ili pasiwepo tena dakika ya kufungua.

Dawa hiyo ilikuwa na gharama yake, na aliyeilipa ni mfanyakazi yuleyule. Maduka yaliposhindana kufungua mapema, Ijumaa iliingia ndani ya Alhamisi. Mwaka 2011 minyororo mikubwa ya maduka ilifungua saa 6 usiku, Walmart ikatangulia saa 4 usiku. Mwaka 2012 ilikuwa saa 2 usiku, na mwaka 2013 saa 12 jioni, sahani za sikukuu zikiwa bado mezani. Mfanyakazi wa Target, mmoja wa minyororo hiyo, aliandika ombi la kupinga mwaka 2011, likasainiwa na watu zaidi ya laki moja, na duka likafungua saa 6 usiku kama lilivyopanga. Katika majimbo ya Massachusetts, Rhode Island na Maine, sheria za zamani ziliwakataza wenye maduka makubwa kufungua siku ya sikukuu. Kwingineko karani aliondoka mezani, akavaa sare, akaenda.

Jina nalo lilivuka bahari. Uingereza haina Sikukuu ya Shukrani, lakini Amazon iliipeleka Ijumaa Nyeusi huko mwaka 2010, na Asda, iliyomilikiwa na Walmart wakati huo, ikaifuata madukani mwaka 2013. Mwaka uliofuata polisi waliitwa katika maduka kadhaa usiku, watu wakigombania runinga, na mkuu wa polisi wa Manchester akawalaumu hadharani wenye maduka kwa kutojipanga. Mwaka 2015 Asda ilijiondoa. Katika Ghuba, kampuni ya Souq iliianzisha mwaka 2014 kama Ijumaa Nyeupe, kwa kuwa Ijumaa kwa Waislamu ni siku tukufu, na Waswahili wengi wa Muscat na Dubai waliifahamu kwa jina hilo. Nairobi ilifika katikati ya miaka ya 2010, hasa kupitia maduka ya mtandaoni.

Mtandao ndio uliopunguza umati wa mlangoni. Tangu 2005 wauzaji wa Marekani walikuwa wakiitangaza Jumatatu inayofuata kuwa siku ya kununua kwa kompyuta, na mwaka 2020 janga la korona lilimaliza kilichobaki: maduka makubwa yalifunga siku ya sikukuu, na Target ikatangaza mwaka 2021 kwamba haitafungua tena Alhamisi hiyo. Kazi ilihamia kwenye maghala, ambako msimu huu ni wa saa za ziada za lazima. Tangu 2020 wafanyakazi wa Amazon katika nchi mbalimbali wamekuwa wakigoma na kuandamana Ijumaa hiyohiyo.

Kesi ya Valley Stream iliendelea muda wote huo. Mei 2009 OSHA iliitoza Walmart faini ya dola 7,000, kiwango cha juu kabisa kwa kosa la aina hiyo. Kampuni ikapinga. Haikuwa kwa ajili ya fedha: ilihoji kwamba kukanyagwa na wateja hakukutambulika kuwa hatari ya kazi, na ilijua kwamba ikishindwa kila duka nchini litabanwa na hukumu hiyo. Maofisa wa serikali walitumia zaidi ya saa 4,700 kuishughulikia faini hiyo ndogo. Mwaka 2011 jaji wa shirikisho aliithibitisha, kampuni ikakata rufaa, na rufaa hiyo ikaondolewa mwaka 2015, zaidi ya miaka sita baada ya kifo. Sheria iliyotumika ni ile ya jumla, inayomtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na hatari zinazojulikana. Kanuni mahususi ya umati haikuandikwa. Mwongozo wa vizuizi na tiketi ungali ushauri. Nadhani ulistahili kuwa sheria tangu asubuhi ile.